Unawajua Wangapi?

Hebu fikiri umetumwa kuhesabu watu wasiotaka kuhesabiwa. Unataka kujua, kati ya wanaojidunga unga mjini, ni wangapi wana virusi vya ukimwi. Orodha yao huna, na hata mjumbe wa nyumba kumi hana. Hospitali utawakuta waliozidiwa, polisi utawakuta waliokamatwa. Ukibisha hodi nyumba kwa nyumba utajibiwa, "Hapa hayupo." Kwetu pia ungejibiwa hivyo. Tuko sita, Baba ndiye aliyepitisha hesabu hiyo na haina rufaa. Wa saba ni kaka yangu, analala kwenye pagale, na Mama humpelekea chakula kwa siri.

Wataalamu wameumiza vichwa hapo miaka mingi. Mwaka 1961 Mmarekani Leo Goodman aliandika hisabati ya mtindo wa mtu kutaja wenzake, na hao kutaja wenzao, kama donge la theluji linalokua likibingirika. (Sisi theluji yetu iko Kilimanjaro na inazidi kupungua. Mimi ningeuita mtindo wa umbea.) Tatizo ni huko kutaja. Kijiweni kumtaja mwenzio ni kumchoma, na mchomaji hana maskani.

Mwaka 1997 mwanasosholojia Douglas Heckathorn akachapisha mbinu iliyozaliwa katika kazi ya kuzuia ukimwi kwa wanaojidunga huko Connecticut, Marekani. Humtaji mtu. Wanaanza wachache, wanaitwa mbegu. Ukishahojiwa unapewa kuponi, mara nyingi 3, zenye namba tu, ukawape unaowajua. Atakaye aje, asiyetaka aichane. Anayekuja anapata chochote kidogo, na aliyemleta naye anapata chake. Wimbi linazaa wimbi, mpaka haijalishi tena mbegu walikuwa akina nani. Unguja mbinu hii ilitumika mwaka 2007 kuwafikia watumiaji wa dawa za kulevya.

Kilichoninasa mimi ni swali moja la kwenye dodoso: unawajua wangapi, nao wanakujua, wanaotumia kama wewe? Unaweza kudhani ni la kupigia soga, kumbe ndiyo injini yenyewe. Siku moja nilimuuliza kaka, tumekaa juu ya matofali. Zamani angenitajia maskani nzima. Akahesabu kwa vidole. Mmoja alishafariki, mwingine alianza methadoni akaacha kupita pale. Akabaki na vidole viwili, akaniuliza Mama anaendeleaje.

Sasa sikia. Maarufu wa kijiwe kuponi humfikia kirahisi, kwa hiyo katika hesabu sauti yake hupunguzwa. Mwenye watu wachache huongezewa. Aliyetaja 4 hupewa uzito mara 10 ya aliyetaja 40. Washkaji mnaoandika, rudieni hapo. Hadithi zetu za mtaani tumezijaza wale wenye maneno na majina ya utani matatu matatu, kwa kuwa ndio wanaotufikia. Wa pembeni hatuna habari naye. Takwimu, hizo tunazoziita kavu, zilimkumbuka kabla yetu.

Ila kuna tundu. Asiyejuana na yeyote hakuna wa kumpa kuponi, na ukimkosa huna uzito wa kumwongezea. Ndiye ninayejaribu kumwandika sasa. Nina ukurasa mmoja na nusu, na bado hajasema neno.