Lugha Mlangoni

Sisi walimu wa lugha tumezoea kusema kwamba lugha huwaunganisha watu. Twalisema jambo hilo darasani, twalirudia katika hotuba za kufungulia mikutano, na aghalabu hapana anayetubishia. Lakini kwa muda sasa tumekuwa tukifuatilia mambo yaliyotokea katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika ya Kusini, na kadiri tulivyozidi kusoma ndivyo tulivyozidi kuona kwamba kauli yetu hiyo ina upungufu. Haisemi ni nani anayeunganishwa, wala ni nani anayeachwa nje.

Stellenbosch ni mji wa mashamba ya mizabibu, yapata kilomita 50 kutoka Cape Town. Chuo chake kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1918, baada ya tajiri mmoja wa mji huo, Jannie Marais, kuacha wosia wa pauni 100,000 kwa sharti kwamba Kiholanzi au Kiafrikaans kisipewe nafasi ya chini kuliko Kiingereza. Kwa watu walioshindwa vitani na Waingereza mwaka 1902, sharti hilo lilikuwa ngao. Hatulidharau, kila mwalimu wa lugha iliyopata kubezwa atalielewa. Ajabu ni jinsi ngao hiyo ilivyogeuka kuwa rungu mikononi mwa watu wale wale. Hendrik Verwoerd alikuwa profesa katika chuo hicho kabla ya kuingia katika siasa, na ndiye waziri aliyesimamia Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto waliandamana kukataa kulazimishwa kusoma hesabu na masomo mengine kwa Kiafrikaans, nao wakajibiwa kwa risasi.

Utawala wa makaburu ulikwisha mwaka 1994, na milango ya vyuo ikafunguliwa kwa wote. Hata hivyo, miaka ishirini baadaye, mihadhara mingi ya Stellenbosch ilikuwa ingali ikitolewa kwa Kiafrikaans. Mwanafunzi asiyekijua lugha hiyo alipewa vifaa vya kuvaa masikioni, na humo akamsikia mkalimani akimnong'onea kwa Kiingereza, ambacho nacho aghalabu si lugha ya mama yake. Na tuitafakari hali hiyo kama walimu. Mhadhiri anatania, darasa linacheka; mwenye vifaa masikioni anaupata utani huo baada ya kicheko kwisha. Akitaka kuuliza swali, somo limekwisha songa mbele. Tena kila mtu darasani anaviona vile vifaa, na anajua ni nani wanaovivaa. Hakuna sheria iliyomfukuza kijana huyo, wala si lazima awepo mtu aliyemtukana. Ratiba ya masomo peke yake ilitosha kumwambia kwamba yeye ni mgeni.

Mwaka 1915 ulikuwa wa wosia ule. Mwezi wa Aprili 2015 ulikuwa wa wajukuu wa wale wasiotajwa ndani yake. Wakati huo wanafunzi pamoja na baadhi ya wafanyakazi wa chuo waliunda kundi lililoitwa Open Stellenbosch, yaani Stellenbosch iliyo wazi. Mwezi uliofuata kibao cha kumbukumbu ya Verwoerd kiliondolewa. Kuondoa kibao ni kazi ya bisibisi. Kuondoa desturi ni kazi nyingine. Kwa hiyo mwezi wa Agosti ilitolewa filamu ya nusu saa hivi, ambayo ndani yake wanafunzi 32 na mhadhiri mmoja walieleza yaliyowapata darasani, mabwenini na mitaani. Filamu hiyo iliitwa "Luister". Neno hilo ni la Kiafrikaans, na maana yake ni "Sikiliza". Tulipoiona tulikaa kimya kwa muda, kwa sababu ya hayo yaliyosemwa na kwa sababu ya jina lenyewe: waliofungiwa mlango kwa lugha hiyo walikwenda kuazima humo humo neno la kubishia hodi.

Haukupita muda, wakuu wa chuo waliitwa Bungeni kujieleza. Yakafuata mabishano marefu ndani ya baraza la chuo na seneti yake, hata ikapatikana sera mpya ya lugha ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika mwaka 2017. Kwa sera hiyo, hakuna mwanafunzi aliyepaswa kukosa mafunzo kwa sababu hajui Kiafrikaans. Kiafrikaans nacho kiliendelea kutumika, na Kixhosa kilitakiwa kukuzwa. Chama kiitwacho Gelyke Kanse, maana yake "Nafasi Sawa", kiliipinga sera hiyo mahakamani, na tarehe 10 Oktoba 2019 Mahakama ya Katiba ikakipa ushindi chuo.

Hapa hatuna budi kusema jambo moja kwa haki, maana mambo haya si mepesi. Waliokuwa wakikitetea Kiafrikaans hawakuwa Wazungu peke yao. Wengi wa wasemaji wa lugha hiyo leo ni watu wa asili mchanganyiko, wajukuu wa watumwa na wenyeji wa Rasi, ambao sheria za ubaguzi ziliwaweka katika tabaka lao la chini. Baadhi ya maandishi ya kwanza ya Kiafrikaans yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kama tenzi zetu za pwani: kitabu cha Abu Bakr Effendi cha mafundisho ya dini, kilichopigwa chapa Istanbul mwaka 1877, kiliwafunza Waislamu wa Cape Town kwa lugha yao ya nyumbani. Hata ndizi katika lugha hiyo huitwa "piesang", neno lililotoka Malaya. Basi kijana maskini wa Rasi akipoteza masomo kwa Kiafrikaans naye anaumia, na majaji wenyewe walikiri hasara hiyo. Kosa halikuwa la lugha. Lugha iliwekwa mlangoni kama askari, nayo haikuulizwa.

Sera haikumaliza kazi. Mwezi wa Mei 2022, katika bweni moja la chuo hicho, mwanafunzi Mzungu alikojolea vitu vya mwenzake mweusi chumbani mwake. Chuo kilimfukuza, na pia kilimwomba jaji mstaafu Sisi Khampepe aongoze uchunguzi. Ripoti yake ya mwaka huo huo ilieleza kwamba, licha ya taratibu nyingi zilizoandikwa vizuri, wanafunzi na wafanyakazi weusi walikuwa bado wanajiona hawakaribishwi.

Tungeweza kuishia hapo na kuwahurumia watu wa mbali. Bahati mbaya neno lile "sikiliza" lilitukumbusha kijana mmoja tuliyemfundisha hapa Uganda miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, na katika darasa zima yeye peke yake ndiye aliyeota ndoto zake kwa Kiswahili. Siku moja aliandika insha juu ya safari yao ya kuvuka mpaka, na humo akaandika: "Batoto banaenda ku masomo." Tuliisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya wenzake, ili wajifunze makosa. Walicheka. Yeye akasema kwa upole, "Mwalimu, kwetu hivi ndivyo tunasema." Tulimjibu kwamba mtihani hautungwi kwao.

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana hatukuona ubaya wake. Usanifu lazima ufundishwe. Ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Lakini insha ile ilikuwa na kurasa nne, na ndani yake mlikuwa na mama aliyebaki upande wa pili wa mto. Sisi tuliona viambishi. Tangu siku hiyo kijana hakunyosha mkono tena, na muhula uliofuata alichagua somo jingine.

Karatasi za mtihani wa mwaka huu zipo mezani tunapoandika haya. Kwa mwandiko na maneno twatambua kwamba tatu ni za vijana watokao Kongo. Tumezisoma mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Kesho tutazisahihisha, na bado hatujaamua alama zitapunguzwa wapi.