Elfu Moja, Kila Tarehe Tano

Nashona nguo Mombasa, na pesa za fundi haziji kwa ratiba. Wiki za kabla ya Idd silali, Januari ni sare za shule, kisha zinakuja wiki ambazo kazi ni kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Nilipoanza kununua Bitcoin mapema 2021, sikuanza kwa kuuliza bei. Nilijiuliza hivi: katika mwezi mkavu kabisa, nikishalipa kodi ya nyumba, chakula, karo na mchango wa chama, kinabaki kiasi gani ambacho hata kikipotea chote watoto wangu hawatalala njaa? Jibu lilikuwa shilingi 1,000. Kiwango hicho sijakipandisha, hata msimu wa Idd unaponipa mara tano yake.

Kuipata hiyo elfu moja ndiko kulikonibadilisha. Ilinibidi niandike kila kinachoingia na kila kinachotoka, mpaka uzi na mafuta ya cherehani. Daftari likanionyesha mpangilio ambao sijauvunja: kwanza pesa za dharura za miezi mitatu, zikae kwenye SACCO; kisha karo, ibaki shilingi, kwa sababu karo haiwekwi mahali panapoweza kushuka nusu kabla ya muhula kwisha, na ya mwisho kabisa, sarafu. Tarehe 5, mwenye nyumba akishapata chake, nanunua, bei iwe juu au chini.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kitu kinauzwa shilingi 100: elfu moja yako inakupa vipande 10. Mwezi unaofuata kimeshuka hadi 50, elfu ile ile inakupa 20. Umepata vipande 30 kwa shilingi 2,000, yaani kila kimoja shilingi 66 na senti, wakati wastani wa bei zile mbili ni 75. Kushuka kwa bei kumekufanyia kazi bila wewe kubahatisha lolote. Lakini hesabu hii inamfaa tu aliyeshika kitu kitakachosimama tena. Mei 2022 sarafu ya Luna iliporomoka karibu kufika sifuri ndani ya siku chache, na aliyeendelea kuinunua kidogo kidogo alikuwa akimwaga maji mchangani.

Ndiyo maana nimebaki na Bitcoin peke yake. Idadi yake inajulikana: hazitazidi milioni 21, na takriban kila miaka minne kiasi kipya kinachotolewa hupunguzwa nusu, kama ilivyofanyika Aprili 2024. Sarafu moja inagawanyika vipande milioni 100, hivyo elfu moja ya fundi cherehani inapokelewa kama ya mtu mwingine yeyote.

Mwaka 2022 ulinipima. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikuwa imekaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye, soko la sarafu la FTX lilipoanguka, ilikuwa chini ya 16,000. Kwenye chama waliniambia, “Shoga, hiyo ni kamari, toka.” Niliwaelewa, maana walinipenda. Lakini kodi ilikuwa imelipwa, watoto walikuwa shule, na pesa za dharura zilikuwa palepale. Hakuna kilichonilazimisha kuuza. Tarehe 5 ikifika nilinunua, na nina hakika kwamba elfu moja za kipindi kile, nilizozitoa wakati hakuna aliyetaka hata kusikia jina la Bitcoin, ndizo zilizozaa kuliko zote.

FTX ilinifunza jambo jingine: sarafu zilizo mikononi mwa soko si zako mpaka uzitoe. Mimi hununua moja kwa moja kwa mtu kupitia jukwaa la simu. Jukwaa linazishikilia sarafu za muuzaji mpaka akiri kwamba amelipwa. Nalinganisha jina lake na lile linalotokea kwenye M-Pesa. Yakitofautiana hata kidogo, naacha. Sarafu zikifika kiasi cha maana nazihamishia kwenye pochi yangu mwenyewe. Sifanyi hivyo kila mwezi, kwa kuwa ada ya mtandao wa Bitcoin haitazami ukubwa wa pesa: anayehamisha za elfu moja anaweza kutozwa sawa na anayehamisha za milioni. Maneno 12 ya kuifungulia pochi hiyo nimeyaandika kwa kalamu kwenye karatasi mbili, zimewekwa nyumba mbili tofauti. Hayajapigwa picha hata siku moja. Anayekuomba maneno hayo, hata ajiite huduma kwa wateja, ni mwizi.

Desemba 2024 bei ilipovuka dola 100,000, niliuza sehemu. Nilikuwa nimeandika mapema kwenye daftari nitauza kwa ajili ya nini: mashine ya ovaloki, ili nisipeleke tena nguo za wateja kwa fundi mwingine kumaliziwa pindo. Sasa ipo dukani na inaingiza pesa. Kilichobaki kimeendelea kupanda na kushuka. Oktoba 2025 bei ilipita 120,000, Novemba ikawa chini ya 90,000. Oktoba hiyo hiyo Kenya ilipata sheria ya watoa huduma wa mali za kidijitali kama Bitcoin, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Naifurahia, kwa sababu kabla yake mtu akidhulumiwa hakuwa na msimamizi maalum wa kumwendea.

Wanawake wa chama sasa huja wenyewe kuuliza. Anayetaka kukopa ili anunue, namwambia hapana, na sipunguzi neno. Anayetaka kuanza, namwambia aje na daftari la matumizi ya miezi mitatu. Wawili wamekuja nalo. Kwa mmoja tumekuta deni la mkopo wa simu linamla kila wiki, kwa hiyo elfu moja yake inakwenda huko kwanza.