Uchungu wa Bia Hupimwa kwa Tone

Nyamirambo ni mtaa wa Kigali ambamo Kiswahili kilisikika tangu zamani, kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Katika mtaa huo anaishi sajenti mmoja mstaafu pamoja na mkewe na watoto wao. Alipotoka jeshini alirudi nyumbani na tabia tatu za kambini: kuamka alfajiri, kukunja blanketi likawa na pembe nne zilizonyooka, na kutopenda kufundishwa kazi na mtu yeyote asiyemzidi cheo. Tabia mbili za kwanza hazikumdhuru mtu. Hiyo ya tatu ilimgharimu ndoo nzima ya bia, na nusura imgharimu karo ya mwanawe.

Jambo lenyewe lilianza binti yake mkubwa alipopata mchumba. Kwa desturi ya Wanyarwanda, familia ya kijana hufika nyumbani kwa binti siku ya gusaba, ndiyo siku ya kuposa. Wazee wa pande mbili huketi wakielekeana, husemezana kwa mafumbo na utani, na maneno yao hushushwa kwa kinywaji. Marehemu baba yake sajenti, alipowaoza binti zake, aliwawekea wageni urwagwa, yaani pombe ya ndizi, aliyoikamua kwa mikono yake. Kwa hiyo sajenti naye alisimama mbele ya wazee wa ukoo akaahidi kwamba wageni wa binti yake watakunywa bia iliyopikwa na mwenye nyumba.

Lakini bia aliyoikusudia haikuwa urwagwa. Mdogo wake anayeishi Brussels alikuja likizo akamletea sanduku. Ndani yake mlikuwamo shira ya kimea cha shayiri ya kutosha kupika mara tatu, lita 20 kila mara, hamira, mifuko ya hopi kavu, na kichupa kimoja cha dondoo la hopi. Mkewe, ambaye amepika urwagwa tangu ujana wake, alisema neno moja tu: "Baba watoto, pombe ya wageni huonjwa kwanza, ndipo ikaahidiwa." Mumewe aliyachukua kuwa ni maneno ya jikoni.

Hopi ni maua ya mmea utambaao, na ndani ya maua hayo mna vumbi la manjano lenye utomvu mchungu. Utomvu huo ndio uipao bia ule uchungu unaoukata utamu wa kimea, na huzuia pia baadhi ya vijidudu viichachishavyo pombe ikawa kama siki. Huko Bavaria, Ujerumani, amri ya mwaka 1516 ilisema kwamba bia ifanywe kwa shayiri, hopi na maji tu. Mmea huu hupenda siku ndefu za kiangazi za nchi zilizo mbali na ikweta. Kigali, iliyo takriban digrii 2 tu kusini mwa ikweta, mchana wake haupiti sana saa 12 mwaka mzima. Ndiyo sababu hopi huletwa kutoka ng'ambo.

Mpishi hupaswa pia kujua kwamba utomvu wa hopi mbichi hauyeyuki vyema katika bia. Huhitaji kuchemshwa, aghalabu kwa saa nzima, ndipo ugeuke kuwa uchungu ule unaokaa katika kinywaji. Dondoo lililokuwa katika kichupa cha sajenti lilikuwa limekwisha kugeuzwa hivyo kiwandani. Kwa hiyo laweza kutiwa hata baada ya bia kuchachuka. Hapo ndipo ulipo urahisi wake, na hapo pia ndipo ilipo hatari yake.

Mara ya kwanza sajenti aliacha kichupa kabatini. Alichemsha shira na hopi kwa saa moja kamili, akiangalia saa yake ya mkononi kama mtu wa zamu. Baada ya mwezi alifungua chupa, na bia ikawa tamu kama uji wa mtoto. Majirani walikunywa kwa adabu, wakasifu rangi yake.

Kosa halikuwa la saa, bali la mlima. Kigali iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Nyuzi tano huonekana kuwa si kitu, lakini kazi ile ya kuugeuza utomvu hupungua mwendo karibu kwa theluthi moja. Saa moja ya kitabu kilichoandikwa pwani ya Ulaya si saa moja ya Nyamirambo. Zaidi ya hayo, mifuko ya hopi ilikaa sebuleni wiki kadhaa, na joto na hewa huipunguzia hopi nguvu. Ingalifaa ifungwe barabara na kuwekwa katika barafu ya jokofu.

Mara ya pili sajenti alikusudia kuirekebisha bia kwa nguvu. Bia ilipokwisha kuchachuka, alichukua kichupa cha dondoo, akajaza kijiko cha chai, akamimina na kukoroga. Mkewe alipouliza kama amekwisha kuonja, alijibiwa kwamba kijiko kimoja katika ndoo nzima ni kitu gani.

Hesabu ingalimjibu. Lebo ya kichupa ilisema kwamba dondoo lilikuwa la asilimia 30, yaani kila mililita moja ilibeba miligramu zipatazo 300 za uchungu. Kijiko cha chai ni mililita 5, basi alikuwa ametia miligramu 1,500. Ukizigawa kwa lita 20, kila lita ilipata nyongeza ya miligramu 75. Bia nyepesi nyingi za viwandani, za aina waliyoizoea wageni wake, huwa na miligramu kati ya 10 na 25 tu katika lita moja. Bia yake haikunyweka. Ilishika ulimi ikakataa kuondoka, kama kwinini.

Utamu uliozidi una dawa, lakini uchungu ukishaingia hauchujwi. Njia pekee ni kuichanganya bia hiyo na nyingine isiyo chungu, na ile tamu ya mwanzo ilikuwa imekwisha kunywewa. Lita 20 zikamwagwa. Kimea kilichosalia kilikuwa cha kupika mara moja tu, na siku ya wageni ilikuwa imebakia wiki saba. Iwapo nayo ingaliharibika, ingalibidi kununua makreti ya bia dukani, na fedha pekee iliyokuwa nyumbani ilikuwa karo ya mwanawe wa sekondari. Kwa muda wa siku mbili nyumba ile ilikaa kimya. Sajenti alimkaripia mwanawe kwa jambo dogo la viatu, kisha akatoka nje akaketi peke yake.

Jioni ya siku ya pili mkewe alimfuata na kikombe cha chai. Hakumkumbusha kijiko. Alisema, "Baba watoto, mtoto akiumwa tumbo mimi humchemshia umubirizi. Ni majani machungu kuliko hiyo dawa yako, na sijamtilia mkono mzima hata siku moja. Hutia jani moja, nikaonja mimi kwanza. Bia yako ina tofauti gani?" Sajenti alinyamaza kitambo. Kisha akamwomba amwonyeshe.

Ndoo ya tatu ilipikwa kama ya kwanza, kwa hopi iliyobaki. Baada ya wiki mbili, bia ilipotulia na kuacha kutoa mapovu, waliketi mezani pamoja na jirani yao, koplo mstaafu wa polisi. Mke alileta maji ya mvua yaliyochujwa, kuchemshwa na kupozwa yakabaki vuguvugu, kwa kuwa maji yenye chumvichumvi hulifanya dondoo ligande. Sajenti alipima mililita 1 ya dondoo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lililonunuliwa dukani la dawa, akaitia katika maji hayo hadi jumla ikawa mililita 300. Hivyo kila mililita ya mchanganyiko ilikuwa na miligramu 1 ya uchungu. Alinawa mikono kwa sabuni, maana dondoo hung'ang'ania vidole na huwasha macho.

Kisha zilipangwa bilauri tano, kila moja ina mililita 200 za bia. Ya kwanza haikutiwa kitu. Ya pili ilitiwa mililita 1 ya mchanganyiko, ya tatu 2, ya nne 3, ya tano 4; yaani nyongeza ya miligramu 5, 10, 15 na 20 kwa lita. Walionja kuanzia iliyo nyepesi kwenda iliyo kali, kwa sababu uchungu hukaa ulimini na kuidhulumu bilauri ifuatayo, na baina ya bilauri walisukutua kwa maji. Kila mmoja aliandika chaguo lake kwenye karatasi bila kumtazama mwenzake. Karatasi zilipofunuliwa, koplo alikuwa amechagua ya nne. Mume na mke wote wawili walikuwa wamechagua ya tatu.

Basi lita 20 zilihitaji miligramu 200, nazo ni mililita 200 za mchanganyiko ule ule. Katika kichupa kikubwa hiyo ni mililita 0.7 hivi ya dondoo, kiasi kisichojaza hata robo ya kijiko cha chai. Sajenti aliitia kidogo kidogo, huku mkewe akikoroga taratibu bila kuirusha bia, kwa kuwa hewa huiharibu ladha. Waliijaza katika chupa za rangi ya kahawia na kuziweka gizani, maana mwanga wa jua huuharibu uchungu wa hopi na kuipa bia harufu mbaya. Mabaki ya hopi yalifukiwa shimoni, kwa sababu mbwa akiyala yaweza kumuua.

Siku ya gusaba wageni walifika, mafumbo yakasemwa, posa ikakubaliwa. Majirani Waislamu waliwekewa umutobe, maji ya ndizi yasiyochachuka. Mzee wa upande wa kijana alikunywa bilauri yake ya kwanza polepole, akaomba ya pili, akauliza bia hiyo imenunuliwa wapi. Sajenti alisimama kama aliyeitwa kwenye paredi. "Imepikwa hapa," alisema. "Mimi nilichemsha. Aliyeipima ni mama wa bibi harusi."

Karo ililipwa kwa wakati wake. Kile kichupa kimewekwa juu kabatini, mbali na watoto, na bomba la mililita moja limefungwa kwa uzi shingoni mwake. Kijiko cha chai kimerudi kwenye sukari.