Singeli, sebene na baiskeli zisizokwenda popote

Saa kumi na mbili kasorobo, asubuhi ya Jumamosi, Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam bado haijajaa. Daladala za kwanza kuelekea Mwenge zinapita nusu tupu. Mama ntilie mmoja ameshawasha mkaa, na bajaji iliyoegeshwa kando yake inapiga singeli kwa sauti ya chini.

Hatua chache kutoka hapo, ghorofa ya pili ya jengo moja la Mikocheni, baiskeli 18 zimepangwa nusu duara. Hazina gurudumu la nyuma wala kengele. Kwa dakika 45 zijazo zitakwenda mbio bila kufika popote.

Wengi wanaozipanda ni wazazi. Yupo mama aliyewaacha watoto wamelala, na yupo baba ambaye saa nne ana kikao cha harusi. Karibu na mlango amekaa mgeni, mzee wa miaka 50 na ushei. Ameletwa na binti yake baada ya kupimwa na kuambiwa kuwa presha imepanda.

Mwalimu, dada mwembamba mwenye taulo shingoni, anamwendea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Daktari amekuruhusu mazoezi haya?"

"Yeye ndiye aliyenituma. Kasema nianze taratibu."

Mwalimu anapandisha kiti kifike usawa wa nyonga. Anamwonyesha kitasa kidogo cha kukaza gurudumu na kumfundisha kukibonyeza anapotaka kusimama. Kisha anarudi kwenye simu yake, anapitia orodha ya nyimbo za asubuhi hiyo na kuondoa mmoja.

Alioondoa ni wa singeli.

Mtu asiyejua atadhani ni suala la ladha tu. Lakini katika chumba hiki, muziki ndio unaoshika usukani. Mazoezi haya yalianzishwa California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980 na Johnny Goldberg, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefahamika kama Johnny G. Tangu wakati huo kazi ya mwalimu imekuwa na sehemu mbili: kuongoza miguu na kuchagua nyimbo. Sehemu ya pili ndiyo humchukua muda mwingi nyumbani, usiku, wakati wengine wamelala.

Hesabu yake si ngumu. Kila wimbo una idadi ya mapigo kwa dakika. Mguu wa kulia ukishuka kwa pigo moja na wa kushoto kwa pigo linalofuata, mzunguko mmoja wa pedali unachukua mapigo mawili. Kwa hiyo wimbo wa mapigo 130 huleta mizunguko 65. Huo ni mwendo wa kupanda mlima, ambao kwa kawaida huwa kati ya mizunguko 60 na 80 kwa dakika. Wimbo wa mapigo 170 huleta mizunguko 85, mwendo wa tambarare, unaoanzia 80 na kuishia 110.

Sasa ije singeli. Muziki huu umekulia uswahilini, Manzese, Tandale na Mburahati, si mbali sana na jengo hili. Umetokana na mchiriku na taarabu iliyokimbizwa, ukapata nguvu kwenye vigodoro, na kasi yake ni kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Wimbo wa mapigo 200 bado unachezeka juu ya baiskeli, kwani mizunguko ni 100. Ukifika 300, miguu inatakiwa kuzunguka mara 150. Hapo mtu hafanyi mazoezi tena. Anarushwarushwa juu ya kiti.

Singeli yenyewe haina kosa. Uwanjani mchezaji akichoka hujitoa, hucheka, hunywa maji na kurudi. Baiskeli hizi ni tofauti. Gurudumu la mbele ni zito, na limeungana na pedali moja kwa moja. Likishika kasi huendelea kuizungusha miguu hata mwenye miguu akitaka kupumzika. Ndiyo maana somo la kwanza kwa mgeni ni kile kitasa.

Kuna jambo jingine ambalo wapandaji wengi hawalijui. Mwaka 2010, watafiti wa Liverpool, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi 12 wa kiume. Waliwaendeshesha baiskeli za ndani huku wakisikiliza muziki, mara nyingine ukiongezwa kasi kwa asilimia 10 na mara nyingine ukipunguzwa kwa kiasi hicho hicho, bila kuwaambia. Muziki ulipoongezwa kasi, vijana walifanya kazi zaidi, na walizidi kuupenda. Ulipopunguzwa, nao walilegea. Mwili uliitii ngoma kabla ya mwenye mwili kuamua.

Kwa mzoefu, hiyo ni neema. Kwa mgeni inaweza kuwa hatari. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida lao la tiba kuhusu watu walioharibika misuli baada ya kipindi cha kwanza tu cha baiskeli hizi. Dalili zake ni maumivu makali ya mapaja, uvimbe, na mkojo wa rangi nyeusi kama soda ya kola. Misuli inapovunjika, mabaki yake huingia kwenye damu na yanaweza kuziumiza figo. Mwenye dalili hizo hapaswi kusubiri kesho. Aende hospitali.

Mwalimu wa Mikocheni hakujifunza haya kwenye jarida. Mwaka wake wa kwanza alifunga kipindi kwa singeli kali, watu wakapiga kelele za furaha. Mama mmoja, mgeni, alishuka akiwa na kizunguzungu, akakaa sakafuni bila kusema neno. Wenzake walimpa maji, akaondoka, hakurudi tena. Tangu siku hiyo mwalimu hupanga nyimbo baada ya kuona ni nani wamekuja.

Leo anafungua kwa zouk ya taratibu. Kisha inakuja amapiano, ambayo kwa kawaida ina mapigo 110 hadi 115. Ameiongeza kasi kidogo kwa programu ya simu ifike 120, na vitasa vinakazwa kwa mlima wa kwanza. Katikati ya kipindi anaweka rumba ya Kongo.

Hapo mzee wa karibu na mlango anatabasamu. Rumba anaijua tangu ujana wake. Mwanzoni waimbaji wanabembeleza, na wapandaji wanasukuma pedali nzito polepole. Kila mtu chumbani anajua kinachokuja, kwa hiyo kila mtu anapata muda wa kujiandaa. Sebene inapoingia, vitasa vinalegezwa kidogo na miguu inaongeza mwendo.

"Baba, gitaa waachie vijana," mwalimu anasema kwenye maikrofoni. "Wewe fuata besi."

Mzee anafuata besi.

Sauti nayo ina mipaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80, na kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 98 unabaki muda wa dakika 38 hivi kwa wiki nzima, chini ya kipindi kimoja. Masikio yanayovuma baada ya mazoezi yanatosha kuwa sababu ya kumwomba mwalimu apunguze, au ya kununua vizibo vya masikio. Mzazi anayekuja na mtoto amkalishe mbali na spika.

Saa moja kasoro dakika kumi muziki unashuka. Watu wananyoosha mapaja na kufuta viti. Binti anamuuliza baba yake anajisikiaje.

"Miguu inatetemeka," anajibu. "Ila Jumanne nitakuja."

Wanashuka ngazi polepole, mzee akishika ukuta. Nje jua limeshatoka, mama ntilie anageuza chapati, na ile bajaji bado inapiga singeli. Juu, mwalimu anakunywa maji na kuchungulia mlangoni. Wanaoingia kwa kipindi cha pili ni vijana wanne na mama mmoja aliyemaliza mwaka mzima hapa. Anafungua simu na kuurudisha ule wimbo.