Likizo ya Agosti katika kisiwa cha volkeno

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba tembea ujionee. Msomaji mpendwa, ikiwa wewe ni mzazi unayeishi Kisii au Nyamira, bila shaka wajua mambo yanavyokuwa shule zinapofungwa mwezi wa Agosti. Watoto huuliza ni lini watapelekwa Mombasa, nawe hupiga hesabu ya nauli, ya malazi na ya karo ya muhula wa tatu, kisha hujikuta umebadilisha mazungumzo na kuanza kusifu mvua. Lakini je, wajua kwamba kuna kisiwa kilichotokana na volkeno ambacho waweza kukifikia siku iyo hiyo unayotoka nyumbani?

Kisiwa chenyewe ni Mfangano, katika Ziwa Victoria, kaunti jirani ya Homa Bay. Agosti iliyopita mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 8, tulikaa huko kwa siku 4. Ningependa nikusimulie tuliyoyaona, ili nawe uamue.

Kuteremka kutoka milimani

Tuliondoka mjini Kisii alfajiri, blanketi la ukungu likiwa bado limetanda. Ukishapita Rongo na kushika njia ya Homa Bay, utaona migomba na majani chai vikikuaga, na badala yake mashamba ya mahindi na miti ya miiba ikichukua nafasi. Sweta huvuliwa moja baada ya nyingine. Ukikaribia mji wa Homa Bay, utakiona kilima cha Asego kikiwa kimechongoka kama pia iliyopinduliwa. Kilima hicho ni dalili ya kwanza kwamba umeingia katika nchi iliyowahi kuwaka moto.

Kutoka hapo barabara huelekea Mbita. Milima ya Gwassi, unayoiona upande wa kusini, ni mabaki ya volkeno kubwa iitwayo Kisingiri, iliyolipuka mara kwa mara karibu miaka milioni 20 iliyopita. Usitarajie kuona moshi wala lava nyekundu, kwani Kisingiri ilizimika zamani za kale. Rusinga na Mfangano ni vipande vya mbavu zake. Ziwa Victoria lenyewe ni changa mno likilinganishwa nayo. Maji yalikuja baadaye sana, yakazingira vipande hivyo, vikawa visiwa.

Watoto waliniuliza swali ambalo huenda wako pia watakuuliza: ikiwa volkeno ilichoma kila kitu, mbona watu husema kuna mifupa mingi ya kale Rusinga? Jibu lake ni la kustaajabisha. Majivu ya Kisingiri yalikuwa na chokaa nyingi, tofauti na ya volkeno nyingi nyingine. Yalipofunika wanyama, mbegu, matunda na hata wadudu, yaliwahifadhi badala ya kuwaozesha. Volkeno ya aina hiyo iliyo hai hadi leo ni moja tu duniani, nayo ni Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron nchini Tanzania.

Kutoka Mbita tulivuka daraja hadi Rusinga. Ni katika kisiwa hiki ambapo Mary Leakey aligundua, mwaka wa 1948, fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Wataalamu walimwita Proconsul, na tangu mwaka wa 2015 wengi wao humwita Ekembo. Ni Rusinga pia alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Mvulana wangu, ambaye jiwe analolijua ni lile la Tabaka linalochongwa twiga na bakuli, alitembea akiwa ameinamisha kichwa, akiamini kila kokoto ni jino la sokwe. Mkumbushe wako kwamba kuokota na kubeba visukuku ni marufuku.

Kuvuka maji

Mashua za kwenda Mfangano hung'oa nanga Mbita. Vuka asubuhi, kwani alasiri upepo huvuma na mawimbi huanza ubishi. Usikubali mtoto wako apande bila jaketi la kujiokolea, hata kama nahodha atakuhakikishia kuwa ziwa limelala.

Kisiwa huinuka majini kama ukuta, na kilele chake, Kwitutu, kinakaribia mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni karibu sawa na mji wa Kisii, kwa hiyo mwenyeji wa milimani akifika kileleni atajihisi yuko kwao. Chini ufuoni, maisha ni ya samaki. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa omena huwasha taa majini kuwavuta samaki, na ukiwa juu ya mwamba utadhani mji mzima umejengwa ziwani.

Siku ya pili tulipelekwa Mawanga, kwenye pango lenye michoro ya miduara na miale, myekundu na myeupe. Inaaminika ilichorwa na Batwa, wawindaji waliokaa hapa kabla ya jamii za sasa. Hawakuacha maandishi, wala hakuna mtu kisiwani anayesema lugha yao. Imebaki miduara tu, na kila mgeni huifasiri apendavyo.

Swali la mtoto

Jioni ya siku hiyo tulikuwa tumeketi ufuoni na mzee mmoja mwenyeji wa hapo, jua likizama. Msichana wangu, ambaye alikuwa amesoma jina kwenye Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, aliuliza, "Baba, mbona wanaitwa Abasuba kama sisi tunavyoitwa Abagusii?"

Mzee akacheka. "Mjukuu wangu, una masikio mazuri," akamwambia. Akatueleza kwamba Abasuba ni Wabantu, na kwamba wengi wao husimulia kuwa babu zao walifika kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga. Waliishi na Wajaluo kwa amani, wakaoana, wakafanya biashara na wakasoma shule moja. Kidogo kidogo Kijaluo kikaingia nyumbani, Kisuba kikatoka. "Mimi huota kwa Kisuba," alisema mzee, "lakini nikiwaita wajukuu wangu kwa Kisuba, huniitikia kwa Kijaluo. Si kosa lao. Hakuna aliyewafukuza kutoka kwenye lugha yao. Sisi ndio tuliacha kuwasemesha."

Kisha akamgeukia msichana. "Sasa nisalimie kwa Kigusii, nisikie kama lugha zetu zinafanana."

Msichana akamtazama mamake, akafikiri, akasema kwa sauti ndogo, "Bwakire." Mke wangu alishindwa kuzuia kicheko, kwa maana hiyo ni salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa limeshazama. Mzee hakucheka. Aliitikia kwa Kisuba, taratibu, kama mtu anayempa mtoto kitu kinachoweza kuanguka.

Msomaji mpendwa, hapo ndipo likizo yetu ilipobadilika. Nani asiyejua jinsi mambo yalivyo katika mitaa ya mji wa Kisii? Watoto wetu husema Kiswahili mtaani na Kiingereza shuleni. Ekegusii hukisikia kwa magokoro Desemba, wakakijibu kwa Kiswahili. Mama yangu huko Nyamira huona kichekesho kila watoto wanaponiita "baba", kwa sababu kwake baba ni mama, na baba ni tata. Hucheka, nasi hucheka naye. Lakini je, kicheko hicho kitaeleweka na nani miaka 50 ijayo?

Waweza kusema kwamba Abagusii ni wengi, si kama Abasuba, na kwamba mtaala mpya una somo la lugha za mama katika madarasa ya chini. Ni kweli. Lakini wingi wa watu si wingi wa wasemaji, na kitabu hakiwezi kumwamsha mtoto asubuhi, kumkemea, kumbembeleza wala kumtania. Majivu ya Kisingiri yalihifadhi hata wadudu kwa miaka milioni 18. Lugha haina majivu ya kuihifadhi. Hukaa mdomoni mwa aliye hai, na akinyamaza, imekwisha.

Ukiamua kwenda

Sisi watu wa milimani hatujazoea malaria kama wenyeji wa ziwani, kwa hiyo beba vyandarua na umwone daktari kabla ya safari. Usiwaache watoto wachezee maji ya ufuoni yenye matete, kwani huko kuna kichocho, na mahali pengine viboko na mamba. Kwenye mapango, mchukue mwenyeji akuongoze, na umlipe haki yake. Usiguse michoro.

Na kabla ya yote hayo, pitia kwa sokoro na magokoro. Waache watoto huko siku 2 au 3, na uwaombe wazee wasiwasemeshe ila kwa Ekegusii. Watakapofika Mfangano na mzee mwingine akawaomba salamu wakati wa jioni, wawe wanajua kusema "Bwairire."