KULENGA SHABAHA: JIBU LANGU KWA KIJANA ALIYEULIZA KUHUSU BAMBA LA CHUMA



Ndugu zangu, wiki iliyopita kijana wetu mmoja wa hapa Msangeni, anayefanya kazi mjini, alinitumia ujumbe. Ana bunduki ya marisau na leseni yake anayo. Anasema akija nyumbani sikukuu ya Idd anataka kuning'iniza bamba la chuma chini ya shamba la babake, apige shabaha na wenzake kwa burudani. Tena ameona kwenye simu watu wanakusanya maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya wenyewe nyumbani ili kupunguza gharama. Akauliza, "Sheikh, kuna ubaya gani?"

Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Sababu nitaieleza.

Kwanza hukumu, maana wapo wanaodhani imamu akiulizwa habari ya bunduki atasema haramu na kufunga kitabu. Kulenga shabaha ni katika michezo iliyosifiwa. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale, akawatia moyo waendelee. Lakini huyo huyo Mtume (s.a.w.) amekataza, kwa mapokezi ya Abdullah bin Mughaffal, kufyatua vijiwe kwa vidole. Sababu aliitaja: kijiwe hicho hakiwindi mnyama wala hakimdhuru adui, kazi yake ni kuvunja jino na kutoboa jicho. Mshale ni mkali kuliko kijiwe, lakini mshale ukaruhusiwa na kijiwe kikakatazwa. Basi usiulize tu umeshika nini. Uliza kinakwenda kuishia wapi.

(Na wale wanaowafanya ngedere na ndege shabaha kwa kucheka tu, hilo limekatazwa waziwazi. Ibn Umar aliwakuta vijana wamemfunga ndege wanamlenga, akawakemea vikali. Sitalirudia hapa.)

Sasa niseme lililonifanya nifute ujumbe.

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo. Mjomba wangu alikuwa na gobore la kulindia mahindi, nguruwe pori wasiyamalize. Wakubwa wenzangu mnalikumbuka gobore: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kitambaa kwa mdeki, unatia vyuma, unashindilia tena, mwisho unaweka fataki. Kipimo cha mjomba kilikuwa ncha ya pembe ya mbuzi. Pembe moja, basi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akipima baruti ulikuwa ukimsalimia haitikii mpaka amalize. Mimi nilidhani ni kiburi.

Siku hiyo aliteremka Mwanga. Mimi na mwanawe tukalichukua. Tukapata jembe kuukuu, tukalipigilia misumari kwenye shina la mgrevilea, likakaza kama mlango uliofungwa. Tulisimama hatua kumi na tano hivi. Nikamimina pembe moja. Dada akaita kutoka uani kuuliza mbuzi wako wapi, nikamjibu. Nikarudi, nikamimina pembe nyingine. Sikukumbuka ile ya kwanza. Badala ya risasi tukatia gololi za baiskeli.

Mtutu haukupasuka, na hilo mpaka leo namshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini gololi moja iligonga jembe ikarudi, ikamkuta binamu yangu aliyesimama kushotoni kwangu. Tulifika Moshi usiku. Jicho halikupona.

Kijiji kiliambiwa alichomwa na kijiti akikata majani ya ng'ombe. Mjomba ndiye aliyepanga maneno hayo, kuninusuru mimi na leseni yake. Nami nikayashika. Nimepanda mimbari miaka mingi nikihutubia juu ya ukweli, na yeye amekaa safu ya pili ananitazama kwa jicho moja.

Kwa nini gololi ilirudi? Nilikuja kuelezwa baadaye na mzee mmoja askari mstaafu. Neno letu risasi ni jina la madini yenyewe, yale laini mazito. Risasi ikigonga chuma kigumu kilicho sawasawa husambaratika kama tope lililorushwa ukutani, na vipande vingi huruka pembeni kwa kufuata uso wa chuma. Gololi ni chuma, haisambaratiki. Inarudi kama mpira. Kwa hiyo chuma hakipigwi kwa chuma, na leo yapo marisau ya chuma madukani, soma boksi kabla hujanunua. Pili, si kila chuma ni shabaha. Bamba laini la kuchomelea mageti likipigwa linaingia mashimo, na kila shimo ni bakuli linalokurudishia vipande usoni. Kinachofaa ni chuma kilichokazwa kwa moto, kisicho na kovu wala kona iliyopinda, kimening'inizwa kwa mnyororo kiyumbe, na uso wake umeinama mbele kidogo ili vipande vishuke ardhini. Miwani ya kukinga macho avae kila aliyepo, hata anayetazama tu. Ugweno hii ni nchi ya wahunzi, ukoo wa Washana umejulikana kwa chuma tangu zama za mababu, nasi tulipigilia jembe bila hata kuuliza ni chuma gani.

Ama kujaza maganda nyumbani, mwanangu, hapo sikupi nafasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni ya kazi hiyo, na leseni yako ya kumiliki bunduki si leseni hiyo. Hata sheria ingenyamaza, baruti za kisasa si kama ile ya gobore. Zinafanana kwa macho, lakini kipimo cha moja kinaweza kuwa mauti kwa nyingine. Ukizidisha, mtutu unapasuka mikononi. Ukipunguza, mzigo unakwama katikati ya mtutu, na anayepiga risasi ya pili ndiye anayepasukiwa. Wanaofanya kazi hii kwa leseni hupima kwa mizani, hukagua kila ganda kwa taa, na hawaongei. Nilipolisikia hilo la kutoongea nilimkumbuka mjomba, Allah amrehemu.

Tena tazama ardhi yetu. Hapa nyumba iko chini ya nyumba. Chini ya shamba la babako kuna njia ya kwenda ndivani, kina mama wanapita na watoto wanakata majani. Ukikosa bamba, marisau yanawashukia wao. Kama ni lazima upige, kapige kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali na msimamizi, nyuma yake kuna tuta refu la udongo. Waulize polisi wilayani wakuelekeze. Na uanze na karatasi. Karatasi hairudishi kitu.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda kwa binamu yangu baada ya swala ya Alasiri kumwomba ruhusa, na kumwomba msamaha kwa ule uongo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa maneno. Alikuwa anamenya maharage. Alinyamaza kitambo.

"Andika," akasema. "Lakini ukisema ukweli usiuseme nusu. Zile gololi nilizitoa mimi, kwenye baiskeli ya baba. Alikaa mwezi mzima anamlaumu fundi."