Imefungwa ama imefunguliwa? Spika za lori la yaya

Yaya wangu ni dereva wa lori. Anapakia bidhaa Kasindi, mpakani na Uganda, anapita Beni na Komanda hadi Bunia. Redio iliyo katika kabini yake si ya muziki peke yake. Ndiyo inamwambia kama njia ni salama.

Siku moja nilisafiri naye kutoka Beni. Nyuma, juu ya magunia, walikaa wakimbizi wa ndani waliotaka kwenda kuona mashamba yao. Tulipofika Oicha tukasimama kidogo, injini ikiendelea kunguruma. Redio ikatoa tangazo juu ya barabara ya mbele yetu. Spika zilikuwa za zamani, karatasi yake ilipasuka kwa jua na vumbi, sauti ilitoka ikikwaruza. Tulisikia: "Barabara imefung..." Mwisho wa neno ukapotea.

"Imefunguliwa," yaya akasema.

"Mimi nimesikia imefungwa, yaya."

Mama mmoja akainama kutoka juu ya mzigo: "Papa, redio imesema nini?"

"Njia iko wazi, mama," yaya akajibu, na tukaondoka.

Kabla ya Eringeti tukakuta kizuizi. Barabara ilikuwa imefungwa. Tukageuza lori na kurudi jua likizama, watoto wamelala chini kati ya magunia, hakuna mtu aliyeongea. Tulifika Oicha salama. Yule mama aliposhuka akamwambia yaya kwa upole: "Papa, siku nyingine kama hukusikia, sema hukusikia."

Yaya hakulala vizuri usiku ule. Wiki hiyo hiyo tukaenda kwa fundi.

Mimi nilifikiri kazi ni kununua bafle kubwa tu. Fundi akacheka. Akaanza na umeme: lori lina betri mbili za voti 12 zilizounganishwa kuwa voti 24, lakini redio ya yaya ilitaka voti 12. Mtu aliyeifunga zamani alichukua umeme kwenye betri moja. Hivyo betri hiyo inachoka mbele ya mwenzake, na zote mbili zinaharibika mapema. Fundi akaweka kifaa cha kushusha voti 24 hadi 12.

Kisha akatoa spika za karatasi na kufunga za plastiki zenye omu 4, kama redio ilivyoandikwa. Akahakikisha waya wa chanya umeenda kwenye chanya pande zote mbili, maana ukigeuza upande mmoja, sauti za spika mbili zinapingana. Mwishoni akaweka spika mbili ndogo karibu na kioo cha mbele, zikielekea masikio ya dereva.

"Injini inanguruma kwa sauti nzito," akatueleza. "Ukiongeza besi, unaongeza ngurumo juu ya ngurumo. Neno linaeleweka kwa sauti nyembamba. Punguza besi, na jaribu redio injini ikiwaka, si ikiwa imezimwa."

Yaya alilipa dola 60 kwa vyote. Shemeji alinung'unika, kwa sababu pesa ya shule ya watoto ilikuwa karibu kulipwa. Yaya akamwambia: "Nabeba watoto wa watu pia."

Sasa akisimama jioni Komanda, saa ya habari anafungua milango yote miwili. Familia zilizohama zinakuja kusimama kando ya lori, kwa sababu wengi redio zao hazina mawe. Wanasikiliza kama vijiji vyao vimetajwa. Wengine wanarudi kimya, wengine wanauliza.

Na kama neno halikusikika, yaya anawaambia wazi: "Hapo sikusikia. Tungoje warudie."